Fahari ya Ugenini

Disemba 2017, Zanzibar iliposhindwa na Kenya kwa mikwaju ya penalti 3–2 katika fainali ya Kombe la Chalenji mjini Machakos, majonzi yalivuka bahari. Siku kama hiyo, Muunguja aliye Muscat au London huketi bega kwa bega na Mpemba ambaye, lau wangekuwa nyumbani, siasa zingewatenga. Je, udugu huo ni wa kweli, au ni wa dakika tisini? Yamkini ni wa kweli: mpira huufunua udugu wa kale uliofunikwa na chuki. Lakini mtihani wake u katika marejeo. Anayemkumbatia mwenziwe ugenini kwa ajili ya bao, kisha akarudi kwao asimwitikie hata salamu, huyo ameipenda timu. Nchi bado hajaipenda.