Je, Kuamini Hisa ni Imani?

Jumapili iliyopita baada ya ibada, mama mmoja wa hapa Kibabii alinishika mkono akaniuliza, "Pasta, nikiuza ng'ombe ninunue hisa za Safaricom, ni dhambi?" Nilicheka kidogo, halafu nikanyamaza. Swali hilo nalijua kutoka nyumbani kwetu.

Mwaka wa 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, shilingi 5 kila moja. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani elfu kumi. Watu wakapiga foleni. Baba yangu mdogo akakopa. Lakini maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara nyingi, akapewa chache, huku riba ikihesabiwa kwa mkopo wote. Hisa zikaingia sokoni Juni 9. Mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Akauza kwa hasara, na kwa miaka mingi alisema Mungu alimwacha.

Na kampuni yenyewe haikuwa mbovu! M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu. Aliyetulia na hisa zake hadi 2021 aliona bei ikipita shilingi 40, kisha 2023 ikashuka tena chini ya 15. Chuoni nilifundishwa kueleza hayo. Sikufundishwa kwa nini baba mdogo alimkasirikia Mungu badala ya hesabu.

Nafikiri alichanganya mambo mawili. Imani humtegemea aliyeahidi. Hisa haijaahidi kitu; ni kipande cha biashara, na bei yake ni maoni ya wanunuzi wa siku ile. Kutumaini si dhambi, hata mkulima wa mahindi hupanda akitumaini (na mbolea ilivyo ghali). Shida huanza tunapolibatiza tumaini hilo na kusema Bwana amesema itapanda, kumbe aliyesema ni jirani. Hapo sisi wahubiri pia tuna kosa: tunatangaza msimu wa kuvuna, riba hatuitaji. Yule mjenzi wa mnara katika Luka 14 alitakiwa akae chini kwanza apige hesabu.

Nikamuuliza mama kama ng'ombe anakamuliwa. Akasema ndiye analipa karo.

"Basi usimuuze, mama. Weka pesa za mayai kidogo kidogo, zile zikipotea mtoto bado ataenda shule."

"Na utaniombea?"

"Wewe nitakuombea. Bei sitaiombea."

Alicheka, lakini sidhani aliridhika.