Swali la Familia ya Mgonjwa

Mwenye saratani ya umio huanza kwa kuacha ugali. Kisha wali haupiti, baadaye uji, na mwisho hata maji hurudi. Wengi wanafika hospitali wakati daktari hana zaidi ya kuweka kibomba cha waya ili waweze kumeza tena. Ugonjwa huu umeshika ukanda mrefu, kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Kule Bomet nchini Kenya, katika hospitali ya Tenwek, madaktari wameukuta hata kwa vijana ambao hawajafikisha miaka 30.

Swali la familia huwa moja: umetoka wapi? Tumbaku na pombe vinajulikana. Chai ya moto inashukiwa pia: mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, iliyoko Lyon, ilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 huenda vikasababisha saratani. Hata hivyo wapo wagonjwa wasiovuta wala kunywa pombe.

Wanasayansi wa jenetiki wakaja na tumaini kubwa. Vitu vingi vinavyoharibu seli huacha alama katika DNA: jua huacha yake kwenye ngozi, moshi wa sigara huacha yake kwenye mapafu. Wakasoma jenomu za vivimbe 552 vya umio kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi, wakitafuta alama ya mhalifu wa ukanda wetu. Matokeo yalitoka 2021. Alama zilikaribia kufanana kote, penye wagonjwa tele na penye wachache. Mhalifu hakuonekana.

Nawaheshimu mno kwa kuyatangaza hivyo hivyo. Kila kipande walichokisoma kilitoka kwa mtu ambaye koo lake lilikuwa linaziba, akakubali kukitoa akijua utafiti huo hautamponya yeye. Mtu huyo anadaiwa ukweli. Ingekuwa rahisi kutaja chai, au mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, na watu wangeridhika. Lakini jibu la haraka haliishii kwenye jarida la kisayansi. Linafika jikoni na kumkuta mama aliyekuwa akiimimina hiyo chai.

Na pengine kutoonekana huko kumefungua mlango. Tayari mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walikuwa wamechunguza umio usio na saratani wakakuta kwamba, kwa watu wa makamo, zaidi ya nusu ya seli zake zimeshabadilika kijenetiki. Jeni iitwayo NOTCH1 ilikuwa imeharibika mara nyingi zaidi katika umio huo usio na saratani kuliko katika saratani yenyewe. Kumbe tunaishi na seli zilizobadilika, nazo hukaa kimya miaka mingi. Swali linahamia kwenye kinachozichochea: labda ni jeraha la joto linalorudiwa kila siku, labda ni upungufu katika lishe.

Wakati hayo yakitafutwa, tunaweza kushauriana kuiacha chai ipoe kidogo kabla ya kuinywa. Lakini kumwambia mjane kwamba chai yake ndiyo iliyomuua mumewe, hakuna utafiti unaoturuhusu.