Je, Ni Aibu Kuiacha Kazi Uliyoianza?

Toka Iringa hata Mbeya wako wazee waliopanda baisikeli za Raleigh, na wainjilisti waliozisukuma kwa mikono penye mlima mkali. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa kiwanda kile kiliwahi kuunda na motokaa, kisha kikaziacha.

Kampuni ya Raleigh iliundwa mwaka 1888 huko Nottingham, Uingereza, na Bwana Frank Bowden, ambaye ugonjwa wake ulipata nafuu kwa kupanda baisikeli. Miaka mingi baadaye, mwaka 1933, ilitoa motokaa ya magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, iliyoitwa Safety Seven. Siku zile katika Uingereza gari jepesi la namna hiyo lilitozwa kodi ndogo kuliko la magurudumu manne, kwa hiyo lilimfaa mtu wa mali kidogo. Hata hivyo haikupita miaka mingi, Raleigh ikaacha motokaa, ikashika baisikeli.

Wako wasemao, aachaye kazi njiani ni dhaifu. Sisi hatukubali upesi hivyo. Mwenye kiwanda hana mikono yake tu. Ana mafundi wangojao mshahara na watoto wangojao chakula. Akiendelea kwa kuogopa kuchekwa, na hasara ikawaangukia hao, je, huo ndio uaminifu?

Lakini yuko na mnunuzi, naye husahauliwa mno. Aliyetoa akiba yake hakununua chuma tu. Alinunua na tumaini la kwamba kesho atapata spea. Kila aliyesimama dukani Mbeya akaambiwa, "Hiyo haitengenezwi tena," ajua uchungu huo. Basi twaona ruhusa ya kuacha ipo, ila haimfungulii mtu deni lake kwa waliomwamini.

Tena palikuwa na T. L. Williams, aliyesimamia kazi ya motokaa pale Raleigh. Yeye hakukubali iishe. Alitoka, akaanza upya nyumbani kwake Tamworth, na mwaka 1935 gari lake la kwanza likatembea barabarani. Hatuwezi kumwita huyu shujaa na wale waoga. Yeye alihatarisha mali yake mwenyewe, nao walishika riziki za wengi. Kampuni aliyoianzisha, Reliant, iliunda magari ya magurudumu matatu hadi mwaka 2001.