Wimbo wa Usiku Ule

Kazi yangu ni kukusanya sauti za zamani, kuzihifadhi katika kompyuta na kuzitumia katika maonyesho ya sanaa. Kwa miaka mingi sikujiuliza kama kukumbuka kunaweza kuwa kosa. Nani atamlaumu mtu kwa kuokoa?

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alijua kwamba anaimbia santuri na kwamba santuri zitauzwa. Sahani zile nazo zilikuwa na kiasi chake: kila zilipopigwa, sindano ya chuma ilizikwangua, hata mwisho sauti ikazama katika mkwaruzo. Nakala iliyomo katika kompyuta haichakai hata ikipigwa mara elfu. (Kompyuta yenyewe hufa, lakini hilo ni jambo jingine.)

Miongoni mwa kanda nilizorithi imo moja ya harusi ya mwaka 1987. Shangazi yangu anaimba fumbo, wanawake wanapiga vigelegele. Kwa msikilizaji wa mbali ni wimbo mtamu wa kuku mwenye banda lake aliyekwenda kutaga kwa jirani. Mtaani kwetu wote walijua kuku ni nani.

Nilipompigia shangazi kanda ile uzeeni mwake, alicheka, kisha akanyamaza.

“Mwanangu, wimbo ule ulikuwa wa usiku ule. Mwenzangu tulikwisha kupatana, na alipofariki nilimwosha kwa mikono yangu. Ufute.”

Niliitikia, wala sikufuta. Sasa naye hayupo.

Nimejitetea kwa maneno mengi. Nasema lugha ya wanawake wale itapotea, nasema huu ni urithi wetu sote. Lakini aliyeaibishwa usiku ule hakuwa sisi sote. Tena wale wawili hawakusahau kwa uzembe: kusahau kwao kulikuwa kazi ya miaka, ya kupelekeana futari na kuuguzana, mpaka neno lile likaisha makali. Kompyuta yangu haijui habari ya kazi hiyo. Nikibonyeza kitufe, ugomvi unaanza upya kama ulivyokuwa.

Wiki iliyopita mtoto wa yule marehemu, ambaye sasa ni mtu mzima, aliniuliza kama nina sauti ya mama yake popote katika kanda zangu. Hana hata moja. Ipo. Ndiyo ile inayocheka kuliko zote mwanzoni mwa wimbo, kabla hajatambua kuku ni nani.

Nilimwambia nitatazama.