Kimya cha Aliye Mbali

Swali ninalokusudia kulitazama ni la kale, na wanazuoni wa dini pamoja na wenye hekima wamelikabili kwa njia nyingi: mtu aliyemwuliza mwenziwe aliye mbali, asipate jibu, ana haki ya kuamini nini? Nalileta tena kwa kuwa zama hizi haliulizwi na watu peke yao. Huulizwa usiku na mchana na mashine, katika ofisi za migodi ya dhahabu ya Geita na Kahama, katika vibanda vya kusajili laini za simu mjini Shinyanga, na katika kila dirisha ambapo karani huinua uso kutoka kwenye kompyuta na kumwambia mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri kwamba mtandao unasumbua. Mashine haina dhamiri. Lakini aliyeiandikia la kufanya pindi jibu lisipokuja ni mwanadamu, naye ana la kujibu mbele ya Mola wake.

Mgodi mkubwa hauendeshwi na mfumo mmoja wa kompyuta. Stoo ina wake, uhasibu una wake, malipo ya wafanyakazi yana wake, na baina yao huwekwa mfumo wa kati, ambao kazi yake ni kupokea ujumbe ulioandikwa kwa kawaida za upande mmoja na kuuandika upya kwa kawaida za upande wa pili, ili kiasi, tarehe, jina la mzabuni na namba ya kipuri vikae kila kimoja mahali pake. Ulinganishaji huu ungekuwa mwepesi lau kila kinachohitajiwa kingekuwamo katika ujumbe wenyewe. Aghalabu hakimo, na hapo mfumo wa kati hulazimika kusita, kupeleka wito kwa mfumo wa mbali, na kuuliza: huyu mzabuni ambaye huku anajulikana kwa namba hii, kwenu anajulikana kwa namba gani?

Wito huo ukishindwa, fundi mwaminifu hupeleleza kwa daraja, bila ya kuirukia hukumu. Hutazama kama wito ulitoka; kisha kama mlango wa upande wa pili ulifunguliwa, kwa kuwa yamkini nywila imepitwa na muda au idhini ya kuuliza imeondolewa; kisha kama swali lilifika likiwa zima. Katika mifumo ya SAP, kampuni ya Ujerumani iliyoasisiwa mwaka 1972, namba ya mzabuni huhifadhiwa kwa tarakimu 10, ikijazwa sifuri mbele hadi itimie. Basi anayeuliza habari za 4512 akaziacha sifuri zake 6, kwa kudhani kuwa sifuri iliyotangulia haina thamani, huambiwa kwamba mzabuni huyo hayupo, naye yupo. Jibu hilo si uongo. Ni jibu la kweli kwa swali lililoharibika, na fundi anayemlaumu aliyejibu atazunguka siku nzima asipate dawa, mpaka akubali kulikagua ulizo lake mwenyewe.

Walakini hilo ni kosa la kutojua, na kosa la kutojua huponywa kwa elimu. Linalonihuzunisha zaidi ni jingine. Mwandishi wa programu, akiwa amechoshwa na ujumbe unaokwama kila mtandao unapoyumba, huandika ya kwamba jibu lisipokuja, iwekwe nafasi tupu, na safari iendelee. Tangu siku hiyo hakuna kinachokwama. Hakuna taa nyekundu, hakuna simu ya usiku wa manane, na wakubwa husifu utulivu wa mfumo. Ilhali katika vitabu vya hesabu yanarundikana malipo yasiyo na mwenyewe, na aliyekabidhi vipuri stooni kwa jasho lake huambiwa kila mwezi kwamba jina lake halionekani. Kimya kimevishwa nguo za jibu.

Chimbuko la kosa hili, kwa maoni yangu, ni kuyaficha masafa. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson, waliokuwa katika maabara ya Xerox huko California, walichapisha makala iliyoeleza namna programu inavyoweza kuiita kazi iliyomo katika kompyuta nyingine kana kwamba imo ndani ya kompyuta yake yenyewe. Ulikuwa ufundi adhimu, na faida yake ingali mikononi mwetu. Lakini mwaka 1994 Jim Waldo na wenziwe wa kampuni ya Sun Microsystems walionya kwamba aliye karibu na aliye mbali hawawezi kuchukuliwa sawasawa, kwa kuwa aliye mbali huweza kushindwa nusu: akasikia asijibu, akatenda asiseme, akajibu na jibu likapotea njiani. Anayengoja hana namna ya kupambanua kimya cha mfu na kimya cha aliyechelewa. Kabla ya hapo, mwaka 1978, Jim Gray alikuwa ameutia umaarufu mfano wa majemadari wawili waliotenganishwa na bonde la adui, ambao hata wapelekeane wajumbe wangapi hawafiki kwenye yakini kwamba wameafikiana saa ya kushambulia, maadamu kila mjumbe aweza kukamatwa njiani. Hapa elimu ya kompyuta imekiri kwa hesabu jambo ambalo mwenye kumcha Mungu hulikiri kwa unyenyekevu, kwamba ipo mipaka ya kujua ambayo bidii haiivuki.

Aliyeipokea mipaka hiyo kwa adabu iliyo bora ni Imam Malik bin Anas, mwanazuoni wa Madina, aliyefariki mwaka 795. Imepokewa kwamba alijiwa na mtu aliyesafiri miezi 6, akiwa ametumwa na watu wa nchi yake kumwuliza mas-ala. Imam akamwambia kuwa hajui. Yule mgeni akashangaa, akauliza atawaambia nini waliomtuma. Naye akamwagiza awaambie kwamba Malik amesema hajui. Nimeifikiri habari hii mara nyingi. Wito ulitoka mbali, ukafika, ukapokewa, na jibu likarudi: haijulikani. Mwenye elimu ile angeweza kubuni la kumridhisha mtu aliyetabika namna hiyo, na msafiri angeshukuru. Lakini sijui yake ilikuwa amana, na mjumbe aliamrishwa aichukue kama ilivyo, asiipunguze wala asiijaze.

Sasa na tuirudishe nchi ya Usukuma machoni petu, kwa kuwa huko gharama ya kuijaza nafasi tupu imekwisha kulipwa kwa damu. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifa, na sababu isijulikane, huwapo mtu wa kuuliza na huwapo mpiga ramli wa kuulizwa. Naye, kwa kuwa riziki yake haiji kwa kusema sijui, hutia jina mahali palipokuwa patupu. Jina hilo katika Shinyanga na Geita limekuwa mara nyingi la kikongwe mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na samadi alizopikia umri wake wote. Wapiga ramli wale wale waliwaaminisha watu wenye tamaa kwamba viungo vya wenye ualbino huleta utajiri wa madini, na Januari 2015, kufuatia kuuawa kwa watu hao wenye ualbino, Serikali ilitangaza kuipiga marufuku kazi ya ramli. Silinganishi dhambi ya muuaji na uzembe wa mwandishi wa programu. Kipimo chao ni mbalimbali kabisa. Ninachosema ni kwamba tendo la akili lililotangulia ni moja: mtu amekutana na kisichojulikana, akaona haya au hasara kukiacha kisijulikane, akakipa jina.

Wala tusidhani kwamba mashine inaziandama namba za vipuri tu. Tarehe 1 Mei 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Tanzania, na mwisho wa mwaka huo Rais John Magufuli alisajili laini yake mwenyewe akiwa Chato, mkoani Geita, akaongeza muda wa usajili hadi tarehe 20 Januari 2020. Usajili ule ni wito wa mbali katika sura yake timilifu: kidole huwekwa juu ya kioo, namba ya tarakimu 20 hutajwa, na swali husafiri hadi kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, likauliza kama huyu ndiye. Mpeleke basi kwenye kioo hicho mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mwakitolyo, ambaye sururu na mawe vimekwisha kuzila alama za vidole vyake. Hapa pana majibu matatu, nayo hayafanani: ndiye, siye, na alama hazisomeki. Programu inayoyakusanya mawili ya mwisho chini ya neno moja la kukataa imemtolea mtu ushahidi wa uongo, kwa kuwa imesema siye pale ambapo haki yake ilikuwa kusema sijui. Na waliochakaa mikono, katika ukanda huu wa dhahabu, ndio walioitoa dhahabu ardhini.

Watasema wenye shughuli kwamba kazi haiwezi kusimama ikingojea yakini, kwamba lori liko langoni na mtambo uko chini bila kipuri. Ni kweli, na jawabu la upande wa mali si gumu: ujumbe wenye shaka uwekwe kando pamoja na sababu yake, mingine ipite, na ulizo lirudiwe baadaye, kwani ulizo halibadilishi kitu, laweza kurudiwa mara nyingi, tofauti na amri ya malipo ambayo ikirudiwa huenda ikalipa mara mbili. Upande wa mtu ndio mgumu. Kumwandikia kwamba hajulikani kunalinda ukweli, lakini hakumpi laini, na bila laini hapokei fedha za simu wala habari za nyumbani. Kaida ya mafakihi ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Nami naona inafaa hapa kwa ukamilifu. Mtu aliyekuwa mwenye laini jana ana yakini ya jana, na kimya cha seva leo hakitoshi kumvua. Gharama ya kutojua na imwelemee anayeuliza: ofisi imwachie laini yake, imtafute kwa njia ya pili, kama vile ushahidi wa mwenyekiti wa kitongoji anayemfahamu kwa sura na kwa wazazi. Na njia hiyo ya pili iandikwe ndani ya programu tangu mwanzo, pale pale wito unapoandikwa, isiachiwe huruma ya karani wa dirishani, ambaye jioni inamkabili na hana idhini ya kubonyeza ila kile alichowekewa kwenye kioo.