Uchafu Unaouona Utoe Leo

Kama unafuga samaki wa baharini katika tangi lisilo na mchanga, asubuhi ukiwasha taa kitu cha kwanza kukukaribisha ni uchafu. Kinyesi kimejikusanya kwenye kona ya nyuma, mabaki ya chakula cha jana yamenasa chini ya jiwe, na kioo cha chini kimevaa utando mwembamba wa kahawia. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Hujiambia kwamba wameshindwa, kwamba mwenzao mwenye tangi la mchanga mweupe ana mkono mzuri kuliko wao, na siku si nyingi hununua mfuko wa mchanga wakaumimina ili wasione tena.

Usiumimine. Unachokiona ndicho hasa ulichokifuata ulipoamua kuacha kioo wazi. Katika tangi la mchanga taka hizo hizo zipo, ila zimezama katikati ya chembe, zinaoza polepole mahali ambapo jicho halifiki na mpira wa kunyonyea haufiki bila kuvuruga kila kitu. Wewe umezikuta zikiwa bado nzima. Kinyesi kilicho kizima kinanyonyeka, kinamwagika, kimekwisha. Kikiachwa, bakteria huanza kukivunja: inatoka amonia, amonia inageuka nitriti, nitriti inageuka nitrati, na fosfati nayo inaachiwa majini. Ikifika hapo hakuna mpira utakaoishika. Utabaki kubadilisha maji na kupambana na mwani. Kazi yako yote katika tangi hili ni moja tu, kuutoa uchafu kabla haujaoza, na kazi hiyo unaiweza.

Fikiria samaki hawa wametoka wapi. Amphiprion allardi, yule samaki mdogo mwenye mistari myeupe anayejificha ndani ya anemoni, ni mwenyeji wa pwani yetu, kuanzia Kenya hadi Durban. Kangaja wa buluu wanaowindwa na wafugaji wa dunia nzima wanachunga mwani kwenye miamba ya Bahari ya Hindi. Huko maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua kimo chake hupanda na kushuka karibu mita 4 pale Mombasa na Unguja. Miamba ile imejaa viumbe wanaokula na kunya usiku na mchana, na bado maji yake yanang'aa kwa sababu hayakai. Tangi lako la kioo halina bamvua. Samaki uliyemtoa kwenye maji hayo, au uliyemnunua kwa mtu aliyemtoa, hana mahali pa kuhamia. Bamvua yake ni wewe.

Ndiyo maana nasema anza na mkondo. Mtu akiniuliza atumie wapi fedha yake ya kwanza baada ya kununua tangi, namjibu pampu. Mwenye mchanga akiongeza nguvu ya mkondo, mchanga unatimka na kufukia matumbawe yake, kwa hiyo analazimika kujizuia. Wewe hujafungwa na chochote. Tangi la lita 200 lenye matumbawe magumu linafaa lipate pampu ambazo kwa pamoja zinasukuma lita 4,000 hadi 8,000 kwa saa, na wapo wanaozidisha. Elekeza moja chini, ifagie sakafu kutoka ukuta hadi ukuta. Mawe usiyalaze bapa juu ya kioo. Yainue kwa vipande vya mawe madogo au miguu ya plastiki ili maji yapite chini yake. Kama unaogopa jiwe kuanguka na kupasua kioo, tandika karatasi ngumu ya plastiki nyeupe, ile ile inayotengenezewa mbao za kukatia nyama. Kisha kaa kitako mbele ya tangi uangalie. Uchafu wenyewe utakuonyesha maji yanapolala, kwa sababu utarudi pale pale kila siku. Geuza pampu kidogo, ngoja kesho, angalia tena. Kazi hii ya subira watu huiruka, na mimi naihesabu kuwa nusu ya usafi wote.

Mkondo ukishauinua uchafu, lazima kuwe na kitu cha kuupokea. Soksi ya chujio hukamata vipande, na hapa nataka uwe mkali: ibadilishe kila baada ya siku tatu au nne. Soksi iliyojaa kinyesi na bado inapitiwa na maji haichuji tena, inaozesha. Nunua kadhaa, zifue kwa maji ya nguvu, ziloweke kwenye dawa ya klorini bila sabuni yoyote, zisuuze sana na uzianike hadi harufu iishe kabisa. Skima nayo huchukua kile ambacho soksi haiwezi. Mapovu madogo madogo hupanda ndani yake, uchafu ulioyeyuka hung'ang'ania ngozi ya povu, na povu hilo humwagikia kwenye kikombe cha juu. Maji meusi yanayonuka ndani ya kikombe hicho yafurahie, kwani yametoka mahali samaki wako wanapopumulia. Osha na shingo ya kikombe kila mara, maana ikiwa na mafuta povu hushindwa kupanda.

Sasa tuje kwenye mkono wako. Kuna bomba dogo lenye kichwa cha mpira unachokiminya, la kunyonyea mchuzi jikoni. Tafuta moja, liwe la tangi peke yake. Kila jioni puliza mawe nalo, kwenye mashimo na nyuma. Mara za kwanza litatoka vumbi utakaloshangaa lilikuwa limejificha wapi. Ukiendelea, vumbi hilo litapungua, na utaiona tofauti kwa macho yako mwenyewe. Kona ya nyuma inyonye kwa mpira mwembamba, na kama hutaki kupoteza maji ya chumvi, elekeza ncha ya mpira ndani ya soksi: taka zinabaki, maji yanarudi. Dakika tano. Nimewasikia wenye shughuli nyingi wakisema hawana muda wa kulea tangi la namna hii, na ninawaambia kwamba dakika tano za kila siku ndizo zitakazowaokoa na Jumamosi nzima ya kung'oa mwani kwa mswaki.

Mara moja kwa wiki badilisha sehemu ya kumi ya maji. Kwa lita 200 hiyo ni ndoo moja ya lita 20, ndoo ile ile iliyo katika kila nyumba ya Afrika Mashariki. Kama unakoroga chumvi ya mfuko, tumia maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, kwa sababu maji ya bomba huja na klorini, na mara nyingi fosfati, ambayo ni karamu ya mwani. Lenga gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Kama unaishi pwani na unachota baharini, chota maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, vijito na mitaro, na usichote siku za mvua za masika. Chuja, pima chumvi, ndipo utumie. Na maji yanayopungua kwa joto yajazilize kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipandi na mvuke. Wa Dar es Salaam na Mombasa wanaopoza tangi kwa feni hupoteza maji mengi kwa siku, na wakijaza ya chumvi wanawakausha samaki taratibu.

Umeme ukikatika, mkondo unakufa, na hewa ndani ya maji huanza kupungua mara moja. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri haigharimu sana. Iweke karibu na tangi leo, usingoje giza likufundishe.

Nisikudanganye kwamba kioo kitupu kinafaa kila kiumbe. Wapo samaki wanaojifukia mchangani wanapolala na wengine wanaochuja mchanga ili wale. Kuwaweka hawa juu ya kioo ni ukatili, waache. Na kwa kuwa huna mchanga wa kuhifadhi bakteria, mawe yako ndiyo makazi yao. Yape wiki nne hadi sita yakomae, pima amonia na nitriti hadi zote ziwe sifuri, kisha ongeza samaki mmoja mmoja. Usafi nao una mpaka. Mtu anayefukuza nitrati na fosfati hadi sifuri huishia na matumbawe yaliyopauka na ute wa kahawia wenye mapovu unaofunika mawe. Wafugaji wengi wa matumbawe huridhika na nitrati kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Kwa hiyo lisha samaki wako washibe, mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, kiasi watakachomaliza. Kisha toa kilichobaki. Kumnyima samaki chakula ili kioo king'ae ni kukwepa kazi.

Jambo moja zaidi ambalo sitaki ulipite. Kuna viumbe laini walio ndugu wa matumbawe, waitwao zoanthidi, na baadhi yao hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Mawe yenye viumbe hao usiyachemshe kamwe, usiyasugue mikono mitupu, na ukiyashika vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Mwenye nyumba yenye watoto asome sentensi hiyo mara mbili.

Ukidumu, miezi ikipita, kile kioo cha chini kitaanza kupata madoa ya zambarau na waridi. Ni mwani wa chokaa, ule ule unaopaka rangi miamba ya bahari, na hukua pale ambapo maji yametulia katika hali nzuri na kalsiamu inatosha. Sakafu uliyoionea haya itavaa rangi ya mwamba hai. Hakuna duka linalouza hilo tayari.

Basi usingoje mwezi mpya wala mshahara. Leo jioni puliza mawe pampu zikiwa zinafanya kazi, acha mkondo ubebe vumbi kwa nusu saa. Zima pampu, uchafu utue. Nyonya kona ya nyuma kwanza, kisha chini ya mawe, kisha mbele. Toa soksi chafu, weka safi. Mwaga kikombe cha skima, futa shingo yake. Na kabla hujaondoka hapo, washa pampu zote, hakikisha kila moja inasukuma maji.