Maji Hayapotei

Hivi mtu anaweza kulaumiwa kwa jambo asilolijua? Wengi wetu hujibu haraka: hapana, mwacheni, hakujua. Nami nilikuwa miongoni mwa wanaojibu hivyo, mpaka siku nilipouza gari la marehemu baba.

Lilikuwa Toyota Corolla, ile KE70 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, injini 4K. Baba alilitunza kama ng'ombe wa maziwa. Alipofariki tuliona heri liuzwe, paa la nyumba ya mama limalizike. Kasoro niliyoifahamu ilikuwa moja: lilikula maji. Kila siku ya tatu, asubuhi injini ikiwa baridi, nilifungua rejeta na kumimina kama lita moja. Chini ya gari palikuwa pakavu kabisa. Kidumu hakikukosa kwenye buti.

Kabla ya kuliuza nikalipeleka gereji. Fundi ni mzee rika la baba, mtu asiye na papara.

"Shikamoo fundi. Gari inakula maji, ila haivuji."

"Marahaba mwanangu. Maji hayapotei, yanahama. Kazi yetu ni kujua yamehamia wapi."

Akaanza na vitu vya bei rahisi. Kwanza mfuniko wa rejeta. Kumbe mfuniko ule hauzibi tu, unashikilia presha. Maji yaliyobanwa kwa kani ya angahewa moja zaidi huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Springi ya mfuniko ikilegea, maji huchemka mapema na kumwagika njiani, mahali ambapo hakuna anayeyaona. Springi yetu ilikuwa nzima. Akapapasa mipira akitafuta ukoko wa kutu kwenye maungio. Hakuna. Akachungulia kitundu kilicho chini ya wota pampu, ambacho huanza kudondosha matone sili inapochoka. Pakavu. Akaingiza mkono chini ya zulia la abiria, kwani maji huweza kuvujia humo kutoka kwenye kirejeta cha kupasha joto. Pakavu pia.

"Nje tumemaliza," akasema. "Bado ndani."

Ndani maana yake gasketi ya silinda hedi. Bloku ya injini ile ni chuma, hedi yake ni aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Gari likichemsha hata mara moja, hedi inaweza kupinda kiasi cha unywele, na gasketi iliyo katikati ikashindwa kuziba. Hapo maji huingia kwenye silinda yakatoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe, au huingia kwenye oili ikawa kama chai ya maziwa. Oili yetu ilikuwa safi, lakini oili safi haimalizi kesi. Fundi alitaka afunge pampu ya presha kwenye mdomo wa rejeta, aiache nusu saa aone kama mshale utashuka, kisha afungue plagi atazame kama kuna silinda yenye unyevu. Nusu saa tu, ndugu msomaji.

Nikamwambia, "Tuache hapo fundi."

Usiku uliotangulia kaka alikuwa amenionya: "Ukipima ukakuta hedi, mnunuzi utamwambia nini? Wewe usipime. Akikuuliza utasema hujui, na utakuwa husemi uongo." Fundi alinitazama, akafuta mikono kwa tambara. Hakunidai hata senti. Heri angenidai.

Mnunuzi alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Iringa, ana mke na watoto watatu.

"Sasa mdogo wangu, gari haisumbui?"

"Inakunywa maji kidogo kaka, si unajua tena magari ya zamani. Fundi kaikagua, hajaona inapovuja."

Yapime maneno hayo moja moja: hutakuta uongo hata mmoja. Yapime kwa pamoja: ni uongo mtupu. Anayeijua barabara ya Iringa anaujua mlima Kitonga, jinsi malori yanavyopanda kwa kutambaa na magari madogo yanavyokwama nyuma yake, injini zikinguruma bila upepo wa kuzipoza. Mimi naujua. Nilizihesabu fedha huku nauwaza.

Wanaofuata Hadithi watakumbuka kisa cha Mtume aliyeingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta ndani pamelowa. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuyaweka yaliyolowa juu, watu wayaone. Nimekitafakari sana kisa hicho, na naona nina hila kumzidi yule muuzaji. Yeye alijua palipolowa. Mimi nilihakikisha mkono hauingii.

Mwanahisabati Mwingereza, William Kingdon Clifford, aliwaandika watu wa aina yangu mwaka 1877. Alitoa mfano wa mwenye meli kuukuu inayokwenda kubeba wahamiaji. Moyo unamwambia meli ina shaka, ikaguliwe. Lakini anajibembeleza: imesafiri mara nyingi, Mungu atawalinda. Mwishowe anaamini kweli kwamba iko salama, na meli inazama. Clifford anamhukumu kuwa ana hatia, kwani hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Kisha anasema lililonichoma zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingebaki ileile.

Nimejaribu kujitetea. Je, kila anayeuza kitu akifumue hadi ndani? Auzaye embe apasue kila embe? La hasha, soko lingekufa. Na maskini atapata wapi fedha za kupima kila kitu? Hoja hizi zina uzito, lakini hazinihusu mimi. Kuna kutojua kwa sababu huna uwezo, na kuna kutojua kwa sababu unaogopa jibu. Muuza maembe hana dalili wala pampu ya kupimia. Mimi nilikuwa na kidumu kwenye buti, na fundi alishaishika pampu mkononi. Kipimo nilichokipata ni hiki: jiulize kwa nini hutaki kutazama. Ukijijibu, "kwa sababu nikiona nitalazimika kusema," basi unajua tayari kiasi cha kukulazimisha kusema. Ujuzi nao ni kama maji yale, haupotei. Unahamia pengine na kukusumbua usiku.

Wiki mbili baadaye mwalimu alinipigia simu. Moyo ukalipuka.

"Mdogo wangu, tulifika salama! Kitonga tumepanda kama mchezo. Gari nzuri, Mungu akubariki."

Meli ilikuwa imefika. Ningeweza kusema amina nikakata simu. Nikamwambia, "Kaka, tafadhali ipeleke kwa fundi aipime hedi kwa presha. Ikikutwa mbovu, gharama nitachangia."

Alikaa kimya kidogo. "Kumbe ulijua?"

"Sikujua," nikasema.

Ilikuwa kweli tupu, na sijawahi kuionea neno aibu kama nilivyolionea hilo.